Kati ya Mgunga na Mkunga

Ukitoka Karatu mjini kuelekea magharibi, lami inakusindikiza mpaka lango la Lodoare, kisha inakuaga. Kuanzia hapo ni Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita za mraba zinazokaribia 8,300, na ukishaumaliza msitu wa ukingo wa kreta na kuanza kuteremka upande wa Endulen, mti unaokupokea ni mgunga. Una miiba mirefu na kivuli chepesi kama kanga iliyochakaa, lakini chini yake hupumzika kila kiumbe: mbuzi, swala, mchungaji, na safari nyingine mama mjamzito anayengoja gari. Huko anakokwenda, anayemngoja ni mkunga. Mgunga, mkunga. Mwalimu wa fonetiki angeiandika jozi hii ubaoni kuonyesha kwamba g ina mghuno na k haina. Mwanamke wa Kakesio aliyeshikwa na uchungu saa tano za usiku hana haja na mghuno. Kwake, kutoka herufi moja hadi nyingine ni kilomita.

(Mkunga kwa Kiswahili ni samaki pia, yule mrefu kama nyoka anayejificha miambani. Watu wa pwani hawamchanganyi na mzalishaji, na wa bara hawana habari naye. Tumwache baharini.)

Nina ugonjwa wa kuokota maneno, na ya uzazi ndiyo niliyoyaokota kwa wingi zaidi katika wilaya hizi mbili, Karatu na Ngorongoro. Sababu ni kwamba huku Kiswahili cha zahanati ni mgeni kwa pande zote mbili za meza. Wairaqw wa Karatu wana lugha ya Kikushi. Wamaasai na Wadatoga wana lugha za Kiniloti. Wasonjo wa Digodigo na Samunge, ambao wenyewe hujiita Watemi, ni Wabantu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wana lugha yenye vidoko ambayo wanaisimu mpaka leo hawajaipatia ndugu. Kwa hiyo nesi aliyezaliwa Kagera na mama aliyezaliwa Mang'ola hukutana kwenye lugha ambayo hakuna kati yao aliyenyonya nayo. Katika hali hiyo kila neno hubeba zaidi ya uzito wake.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili kinasema mama amejifungua. Fungua ni kinyume cha funga, na ile ji katikati inamrudishia mtendaji tendo lake. Alikuwa amefungwa, na aliyelegeza fundo ni yeye. Ng'ombe anazaa, mbuzi anazaa, na mtu pia anazaa bila kosa lolote la sarufi, ila mbele ya wakwe utasema kajifungua. Adabu ya lugha imechagua kitenzi kisicho na msaidizi ndani yake: hakuna daktari, mkunga wala mume. Yuko mwanamke na fundo lake.

Halafu kuna kuzalishwa. Hapa mtu mwingine ameingia kwenye sentensi na kuketi kwenye kiti cha mbele. Kuzalisha ndicho kitenzi kilekile cha viwanda na mashamba, cha uzalishaji mali na uzalishaji wa mahindi, na mwanamke amegeuka kuwa mtendwa. Wanawake wenyewe hutumia vyote viwili, na sikio langu linaniambia hawachagui ovyo. Mambo yakienda vizuri utasikia "nilijifungua Wasso." Simulizi ikiwa na damu nyingi, kupasuliwa, au mtoto aliyekaa vibaya, kitenzi hubadilika katikati ya hadithi: "wakanizalisha." Sioni ubaya. Kuna usiku ambao mtu anahitaji mno kuwa mtendwa.

Ongeza silabi moja tu, li, nawe unapata kujifungulia, yaani mahali pameingia: kujifungulia nyumbani, kujifungulia hospitali, kujifungulia njiani. Sera nzima ya afya ya uzazi ya Tanzania inaning'inia kwenye silabi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi umefanyika kwenye vituo vya kutolea huduma, na ule wa 2022 ukakuta 81. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni ya nchi nzima, na wastani wa nchi ni kama wastani wa mvua: haukuambii kitu kuhusu shamba lako.

Kuhusu shamba hili tuna kitu kingine. Mwaka 2010 Moke Magoma na wenzake walichapisha utafiti wao wa wilaya ya Ngorongoro, na kiini chake kilikuwa fumbo hili: karibu wajawazito wote walikuwa wakienda kliniki, lakini wachache mno walirudi kujifungulia palepale. Fumbo ni la watafiti. Kwa anayeishi maneno haya halipo. Kliniki ni mchana, siku uliyopangiwa, ukiwa na miguu yako na jirani yako. Uchungu haupangiwi siku.

Vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa kumbukumbu unaojazwa na kila zahanati nchini, vina nafasi kwa ajili ya mama ambaye mtoto alimtangulia. Huyo huandikwa miongoni mwa waliojifungua kabla ya kufika kituoni. Nimelitafakari sana fungu hilo la maneno. Mama amejifungua chini ya mgunga, juu ya kanga yake, labda na wifi yake akimshika mabega. Hapo palikuwa mahali. Palikuwa na upepo na mbu, na pengine fisi wanasikika upande wa pili. Daftari halina jina la mahali hapo. Linapajua kwa kukosekana kwa mahali pengine: kabla ya kufika. Wapimaji wa takwimu wana sababu zao, nami siwezi kuwaambia waandike majina ya miti. Ninachosema ni kwamba kwa maneno hayo safari yote imekuwa upungufu wa mwisho wake.

Neno kliniki lenyewe limefanya safari ya kuchekesha. Kwa daktari ni mahali popote anapomwona mgonjwa wa nje. Kwa Mtanzania wa kawaida, ukisema "fulani ameanza kliniki" umetangaza mimba. Na idadi ya safari za huko huitwa mahudhurio, kama ya shule. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, na aliyekuja wiki ya 24 anaelezwa kwa sauti ile anayoelezwa mtoto aliyefika baada ya kengele. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango kutoka safari nne hadi nane, na likabadilisha na neno. Lililochaguliwa linalenga kukutana, watu wawili wenye la kuambiana, badala ya kuja na kuondoka. Kiswahili cha ofisini hakikuona haja ya kubadilika: mahudhurio yalikuwa manne, yakawa manane. Kwa nini tusingesema makutano? Mwenye kukutana naye anaweza pia kumfuata mwenzake aliko. Mwenye kuhudhuriwa hukaa akisubiri.

Kumfuata si ndoto. Toka 1983 ndege ndogo za Flying Medical Service, huduma ya Arusha iliyoanzishwa na Padri Pat Patten, zimekuwa zikitua kwenye viwanja vya majani vya Umaasaini kufanya kliniki chini ya miti. Hapo ndipo mgunga na mkunga hukutana, mara moja moja.

Neno jingine la kliniki ni mwenza. Wataalamu walilipenda kwa sababu halibagui: mume wa ndoa, mchumba, au baba tu wa mtoto, wote ni wenza. Siku ya kwanza mama anaambiwa aje na mwenza wake wapime pamoja. Mjini, sawa. Lakini kwenye boma la wake watatu, neno mwenza lilishakuwa na mwenyewe kabla wizara haijalifikia: mke mwenza. Ukimwambia mama wa Nainokanoka "kesho njoo na mwenza wako," sarufi inamruhusu kabisa kuja na mke mdogo. Na kwa busara ya dunia huyo ndiye angefaa zaidi, maana ndiye atakayebaki na watoto, ndiye atakayekamua, na huenda ndiye atakayekuwapo usiku wa uchungu. Mume yuko na ng'ombe, siku mbili kutoka hapo. Kwa mwanamke ambaye hawezi kumleta, utaratibu wa sehemu nyingi umekuwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Yaani barua ya kuthibitisha kwamba mtu hayupo. Sijapata kukutana na waraka wa Kiswahili wenye kazi ngumu kuliko huo.

Sasa kuchelewa, neno ninalolipenda kuliko yote haya na linalotumika vibaya kuliko yote.

Mzizi wake ni cha, ule wa kucha, wa usiku kucha, wa kumekucha. Kuchelewa, kwa asili, ni kukuchiwa: jua likukute hujafika ulikokuwa ukienda. Wazee waliolitunga walikuwa na picha ya msafiri, si ya mzembe. Kosa, kama lipo, ni la jua. Mwanafunzi na karani ndio waliokuja kulifanya kosa la mtu, kwa kuwa wao wanaishi na saa ukutani.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala iliyoenea dunia nzima kuhusu vifo vya wazazi, na tangu hapo kila mafunzo ya wakunga yana somo la ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua, wa kufika, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Tazama Kiswahili kilivyolipokea somo hilo. Ni ucheleweshaji, wenye sh ndani yake. Kuna mcheleweshaji. Wa kwanza anaweza kuwa mume, mama mkwe, au mila. Wa pili ni mto uliofurika Oldeani, pikipiki isiyo na mafuta, tembo barabarani. Wa tatu amevaa koti jeupe, au ni kabati lisilo na dawa. Katika darasa la chuo sh hiyo inasikika vizuri. Mabango yakifika vijijini inakuwa imedondoka njiani: mama mjamzito, usichelewe. Wacheleweshaji watatu wametoweka, amebaki mchelewaji mmoja.

Magoma na wenzake, walipotaka kulijaribu jambo hilo Ngorongoro kwa vitendo, hawakuongeza mabango. Walichukua vituo 16, na kwenye baadhi yake wajawazito walikaa na mtoa huduma na kutengeneza mpango wa kujifungua: utajifungulia wapi, usafiri wa nani, fedha zipo kwa nani, nani atakusindikiza, nani atabaki na mji. Wanawake 905 walishiriki. Matokeo yalitoka 2013: penye mpango, waliojifungua mikononi mwa wataalamu walizidi kwa asilimia 16.8, na waliorudi kuangaliwa ndani ya mwezi baada ya kujifungua walizidi kwa asilimia 30. Mpango ni neno la kawaida mno, limechoshwa na mikutano ya kila aina. Hapa lilifanya kazi kwa sababu ndani yake kulikuwa na maswali yenye "nani." Swali lenye "nani" humrudisha mcheleweshaji kwenye sentensi kabla hajachelewesha.

Kuna na mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima 2022. Unapiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Jina limekaa kama M-Pesa, lakini mwenye masikio ya Kibantu halisomi hivyo. Anasikia m ya umoja ya ngeli ya mtu, ile ya mtu, mke, mgeni. M-mama: mama mmoja. Wingi wake? Barabarani watu wameshausema kitambo, wamama, huku walimu wa Kiswahili wakikunja uso. Namba hiyo, bila shaka, inadai kwamba simu iwe na mtandao. Nyuma ya milima ya Ngorongoro ziko sehemu ambazo mtu hupanda kichuguu, akainua mkono na kuuzungusha kama anayewinga ndege, ndipo apate kijistari kimoja cha mawimbi.

Akipatikana dereva, kinachofuata ni rufaa. Mahakamani rufaa hukatwa: mtu hakuridhika, akaipeleka kesi yake juu kwa hasira zake na wakili wake. Hospitali rufaa hupewa. Mgonjwa hawezi kuikata, hata kama hakuridhika hata kidogo. Maana ya asili, kuinua, imebaki: zahanati inainua kwenda kituo cha afya, kituo kwenda hospitali ya wilaya, na kuendelea mpaka Mount Meru kule Arusha au KCMC kule Moshi. Jiografia ya huku inafanya mzaha na neno hilo. Ukipewa rufaa Endulen kwenda Karatu, gari kwanza linapanda kweli, hadi ukingo wa kreta kwenye mita zaidi ya 2,200 na ukungu wake, halafu linateremka safari yote iliyobaki. Karatu yenyewe iko chini, na Arusha chini zaidi. Hati inapanda, mama anashuka.

Hospitali hizo za mbali zina historia yake. Ile ya Wasso, kaskazini karibu na Loliondo, ilijengwa miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, Mwaustria aliyekuwa padri na daktari kwa pamoja, na ile ya Endulen ikafuata. Karatu iko ya Kilutheri, na siku hizi iko ya shirika la FAME. Ukizitazama kwenye ramani unaona zahanati nyingi ni za serikali, ila palipo na chumba cha upasuaji, kwa muda mrefu aliyekijenga alikuwa Kanisa au mfadhili. Mwenye wilaya ya kilomita za mraba zipatazo 14,000 ajihesabie mwenyewe.

Bure nalo ni neno la kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Huduma kwa wajawazito ni bure. Ni sera ya tangu uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa miaka ya 1990. Lakini bure ya Kiswahili ina nyuso mbili. Nimepewa bure, na nimekwenda bure. Mama anayefika na kuambiwa aliyepaswa kumhudumia yuko semina amezipata zote mbili kwa safari moja. Na kwenye makaratasi, kutolipa kwake huitwa msamaha. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza wako kwenye kundi la msamaha. Mtu hujiuliza kosa lilikuwa nini. Aliyesamehewa, kama inavyojulikana katika kila ujirani wa nchi hii, hubeba na begi lake: glavu, pamba, wembe, uzi, mpira wa kutandika kitandani, kanga mbili. Begi hilo halina jina rasmi linalonitosheleza. Wanawake wanaliita tu "vitu." Umeshanunua vitu? Bado, nimebakiza mpira.

Nirudi kwa mkunga, maana nimemtaja kwenye kichwa cha habari na bado sijamtendea haki.

Kwa Wamaasai anaitwa engaitoyoni. Ni mwanamke wa makamo, mama wa watoto wengi, anayemkanda mjamzito tumbo, anayejua mtoto amelalaje, na anayemshauri kula kidogo miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Ushauri huo wa mwisho huwatia uchungu wataalamu wa lishe, na wana haki. Lakini usikilize ndani yake: ni ushauri wa mtu asiye na chumba cha upasuaji. Kama kisu kiko umbali wa siku nzima, mtoto mdogo ndiyo njia pekee ya dharura unayoweza kuiandaa mapema.

Kiswahili cha serikali kinamwita mkunga wa jadi. Jadi ni ukoo, ni mababu. Kila linapowekwa nyuma ya jina la kazi, kama katika mganga wa jadi, hilo neno hufanya kazi mbili kwa mpigo: linaheshimu na linasogeza kando. Kulikuwa na wakati mkunga wa jadi alifundishwa na kupewa vifaa. Mwaka 1992 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa bado yakihimiza hivyo. Kufikia 2004 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, yalitoa fasili ya mtoa huduma mwenye ujuzi, naye hakuwemo, hata akiwa na mafunzo. Kwa takwimu za vifo uamuzi huo unaeleweka. Damu ikimwagika, mikono mitupu haitoshi, hata iwe ya busara namna gani. Kwa upande wa lugha ilikuwa ajabu kidogo. Mwanamke aliyezalisha kijiji kizima alilala akiwa na ujuzi, akaamka hana. Siku hizi katika sehemu nyingi kazi yake imekuwa ya kusindikiza, na nimesikia akiitwa "msindikizaji." Ni neno zuri, la harusi na safari. Heri hilo.

Kwa Kimaa mwanamke aliyetoka kujifungua ana jina lake pia, entomononi, na jina hilo hudumu naye kwa kipindi chote cha kulishwa na kutunzwa ndani. Kiswahili cha pwani kilikuwa nalo la kwake: mzazi. Mzazi, kwa maana ya zamani, ni huyo aliye kitandani na kichanga, anayepikiwa uji wa pilipili manga. Hospitali zimelihifadhi bila kujua. Mlango umeandikwa wodi ya wazazi, na ndani hakuna mwanamume hata mmoja. Nenda shuleni kwenye kikao cha wazazi, ambako neno limepanuliwa makusudi ili na akina baba wafike, ukahesabu waliofika.

Kuna istilahi moja nisiyoipenda, tena naiogopa: kifafa cha mimba. Ugonjwa wenyewe ni wa shinikizo la damu. Huanza na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na mwisho mama hutupwa na mitukutiko. Walioupa jina la Kigiriki waliona mmweko kama wa radi, wakauita hivyo. Sisi tuliona kifafa, tukakipa mimba. Tafsiri ni sahihi kwa macho, na hapohapo ni mtego, kwa sababu kifafa katika lugha zetu kina wenyewe: mashetani, laana, ukoo. Anayesikia kifafa anawaza mganga kabla ya dawa ya sindano. Tulishalifanya kosa hilo na degedege, jina lililobeba ndege wa kishirikina mabawani, na watoto wenye malaria kali wakapelekwa kufukizwa. Mimi ningesema presha ya mimba tangu mwanzo, wakati kichwa kinauma, nisingoje mitukutiko ndiyo ije na jina. Watu wote wanaijua presha. Hata mzee asiyejua kusoma anajua presha haifukizwi.

Neno la kondo nitalipitia upesi, ingawa linastahili makala yake. Kondo la nyuma, kwa kuwa hutoka baada ya mtoto. Kila zahanati mpya inayojengwa hudaiwa shimo la kondo, lenye mfuniko wa zege. Ni usafi, na ni lazima. Ila Waswahili wakitaka kusema kwetu husema pale kilipozikwa kitovu changu, na sidhani yuko aliyewahi kusema pale lilipofunikwa kwa zege kondo langu. Na huko kwetu penyewe sasa kunabishaniwa: tangu 2022, familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, neno linalogombaniwa limekuwa hiari. Serikali inasema wamehama kwa hiari. Wengi waliobaki wanasema huduma zikipungua, hiari nayo hupungua. Wajawazito wako katikati ya ubishi huo, maana swali la kwanza la mjamzito ni lilelile: mkunga yuko wapi?

Baadhi ya hospitali zina jibu la kimya, nyumba ambayo mama wa mbali anakuja kukaa wiki zake za mwisho. Rasmi ni nyumba ya kusubiria kujifungua. Watumishi wa afya wengi huiita chigonela. Neno hilo halikutoka pwani wala Arusha. Gona ni kulala katika lugha kadhaa za katikati na kusini mwa nchi. Wanyakyusa huamkiana kwalo kila asubuhi, ugonile, umelalaje? Kati ya istilahi zote nilizoziokota, hiyo ndiyo pekee inayomkuta mwanamke pale ambapo kuchelewa kunamwacha. Jua na limchelee: yeye amekwisha kulala mlangoni. Bado ana ng'ombe wasiokamuliwa na watoto aliowaacha, na wengi hawawezi kukaa huko wiki tatu. Lakini neno limeanza na usingizi wake, halikuanza na utoro wake.

Na wasiofika? Wajaluo humwita mtoto Oyoo au Ayoo kwa sababu alizaliwa njiani. Yoo ni njia. Wakamba wana Nzilani, ambalo Mswahili yeyote analisikia bila mkalimani. Wairaqw wana loohi, njia, na hapa Karatu ukiita Lohay sokoni watageuka watu kadhaa, wanaume wazima wenye mashamba ya vitunguu na mahindi. Nesi akimwandikisha mwenye jina kama hilo leo ataanza na jina la mtoto, kisha la mama, kisha kijiji. Mahali alipozaliwa atapaandika mbele kidogo, kwenye safu nyingine: kabla ya kufika.